Bibi Yako Hakufa kwa Huzuni

Salha mwanangu,

Nakuandikia hapa dukani Mlandege, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa sababu nyumbani hakuna pembe ambayo huwezi kunichungulia begani ukauliza, "Baba, waandika nini?" Ni baada ya alasiri. Nimefunga mlango nusu. Mteja mmoja keshagonga mara mbili akitaka kanzu yake, nikamwambia aje Jumatatu. Ameondoka akinung'unika, na ana haki, kanzu yenyewe nilimwahidi tangu juzi. Kesho asubuhi unapanda boti, halafu treni mpaka Dodoma, na mimi nina jambo ambalo kwa miaka minane nimeshindwa kukwambia kwa mdomo.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako kakuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma: saa ya kumeza dawa, siku ya kliniki, jina la daktari wa moyo uliyeandikiwa huko, vidonge vikibaki vingapi ndipo uende kuchukua vingine. Ni karatasi nzuri kuliko barua hii, usiipoteze. Mimi nataka kukwambia yale ambayo hayaandikiki kwenye karatasi ya namna hiyo.

Ijumaa, kwenye chakula cha kukuaga, binamu zako walipokuzunguka, ulianza kuwasimulia habari za Bibi yako. Ukawaambia kwamba babu yako alipofariki, Bibi hakuweza kuishi bila yake. Kwamba alikaa eda yake akimlilia, na kabla eda haijesha akamfuata. Ulisema kwa sauti nzuri, na binamu yako mmoja akafuta machozi. Uliniona nikiinuka nikaacha sahani. Ukadhani nimekumbuka mama yangu nikashikwa na kilio. Nilikimbia, Salha. Habari ile ni ya uongo, na aliyeiacha ienee ni mimi.

Bibi yako alikuwa akiumwa valvu ya moyo, ugonjwa uleule ulioupata wewe baadaye. Hakufanyiwa upasuaji kama wewe. Umri ulishakwenda na daktari aliona dawa zitamtosha. Alikuwa akimeza kidonge hiki hiki unachomeza wewe kila jioni, cha kuizuia damu isigande. Kila mwezi nilimpeleka kliniki, wakamtoa damu kidogo kwenye kidole, wakasoma namba, wakaandika kwenye kadi yake. Namba ikiwa chini, damu inaweza kuganda. Ikiwa juu sana, inaweza kuvuja ndani, mahali usipopaona. Haya unayajua vizuri kuliko mimi. Wakati ule mimi nilikuwa nayasikia tu, naitikia "naam" na huku nawaza vitambaa.

Mara ya mwisho tuliyokwenda, namba ilikuwa chini. Daktari akampandishia dozi na akasema turudi baada ya wiki mbili aone imekaaje. Alinitazama mimi aliposema, si Bibi. "Wiki mbili, sio mwezi," akasema. Nikasema inshallah. Siku ya tisa babu yako akafariki.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Mji Mkongwe, kabla hatujahamia Kikwajuni? Ghorofa ya juu, ngazi zimesimama wima kama za minara, na chini mlangoni baraza ambayo tangu asubuhi haikosi watu. Bibi akaingia edani kwenye chumba kile cha dirisha la kijani. Miezi minne na siku kumi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja na ndiye uliyekuwa ukilala naye, ukimpelekea chai, ukimsomea magazeti ya zamani aliyofungiwa vitumbua. Siku ya kliniki ilipofika, nilisimama mlangoni kwake na kadi mkononi.

"Mama, leo siku ya kupima."

"Ntatoka vipi, baba, na mie nna eda?"

"Ndiyo hayo nnayoyafikiri."

"Basi ngoja. Dawa si zipo?"

"Zipo."

"Basi."

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Ningetaka kukwambia kwamba tulizozana, kwamba nilimbembeleza akakataa. La. Nilifurahi aliponipa njia. Niliwaza kumshusha ngazi zile mchana kweupe, mkono kwa mkono, mbele ya baraza nzima, na watu wakasema mtoto wa marehemu kamtoa mama yake edani hata wiki haijesha. Nilisoma Kurani chuoni miaka sita nilipokuwa mdogo, nikajiona najua. Sikumuuliza mtu. Msikiti uko hatua arubaini kutoka pale mlangoni, nilikuwa naingia mara tano kwa siku, nasali nyuma ya maalim, natoka, na swali siulizi.

Nikaendelea kumnunulia dawa kwa dozi ile iliyopandishwa. Nilipeleka boksi tupu duka la dawa, nikasema nataka kama hizi, nikapewa. Nilijiona mtoto mwema. Siku haikupita bila Bibi kumeza dawa yake, nami nikajisifu moyoni kwa hilo.

Kliniki walipiga simu. Hili sijamwambia mtu yeyote mpaka leo asubuhi nilipomwambia mama yako. Ilikuwa wiki ya nne au ya tano ya eda, nilikuwa hapa dukani, nikaiona namba yao kwenye kioo nikaitambua. Nilijua ni yule muuguzi mnene, mwenye sauti kali, ambaye aliwahi kumsema mzee mmoja mbele yetu kwa kuchelewa siku tatu. Nikawaza, kama kwa siku tatu alisema vile, mimi wa wiki kadhaa atanifanyaje? Nikaiacha simu ikalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Nilikuwa na mkasi mkono mmoja, ule mwingine ulikuwa mtupu. Nilikuwa na miaka arubaini na mbili, baba wa watoto watatu, na nilikuwa namwogopa mwanamke wa watu asinigombeze.

Baada ya hapo ikawa vigumu zaidi. Ukichelewa wiki moja, unakwenda unaomba radhi. Ukichelewa mwezi, unatafuta maneno. Ukichelewa miwili, unaanza kupita barabara nyingine usikutane nao. Mimi kweli nilianza kupita barabara nyingine, Salha. Naweza kukuonesha.

Halafu magoti. Bibi alikuwa anakaa chini kwenye godoro kutwa kuwapokea wanawake wanaokuja kumpa pole, magoti yakaanza kumuuma. Akanambia nimtafutie kitu. Nikaenda Darajani, nikanunua vidonge vya maumivu, vile vya kawaida ambavyo kila mtu hununua bila cheti cha daktari. Muuzaji aliniuliza, "Anayetumia ana maradhi mengine?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikasema, "Mzee tu, magoti." Neno moja la moyo lingetosha, kijana wa watu angenirudisha. Bibi akavipenda vidonge vile. Akawa anavimeza asubuhi na jioni, na vilipokwisha nikaongeza.

Alama zilikuwepo. Siku moja nilipompa kikombe niliona mkononi mwake doa kubwa jeusi lenye kingo za manjano. Akasema kajigonga kitandani. Wewe mwenyewe uliwahi kunambia, "Baba, Bibi akipiga mswaki anatoka damu." Nikakwambia mswaki mgumu, nikakununulia mwingine laini umpelekee. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, umeona, ukasema kwa mtu uliyepaswa kumwambia. Ukiwahi kujiuliza kama kulikuwa na kitu ungeweza kufanya, jua kwamba ulikifanya. Mimi ndiye sikufanya changu.

Mwezi wa tatu wa eda, asubuhi baada ya alfajiri, akasema kichwa kinampasuka. Akataka alale kidogo. Saa mbili mama yako akaenda kumwamsha, mdomo umepinda na maneno hayatoki. Siku hiyo tulimshusha ngazi zile, mimi na vijana wanne wa barazani, na hakuna aliyesema lolote kuhusu eda. Waliacha kahawa zao wakaja kumbeba. Mmoja alikuwa analia kunishinda.

Hospitali daktari akaniuliza anatumia dawa gani. Nikasema, "Dawa za moyo." Zipi? Sikujua jina. Miaka minne nilikuwa nainunua ile dawa na jina lake sikuliweka kichwani, na kadi ilikuwa nyumbani kwenye mtoto wa meza. Akaniuliza mara ya mwisho kapimwa damu lini. Nikasema nimesahau. Sikuwa nimesahau, nilikuwa najua mpaka siku. Akaniuliza kuna kitu kingine chochote anameza. Nikasema hakuna.

Nilisema hakuna, mwanangu. Mama yangu amelala pale, na mimi bado nilikuwa nakwepa kugombezwa.

Daktari hakuningoja. Alipima mwenyewe akaona namba ilivyopanda, akajua damu imevujia kichwani, wakafanya waliyoweza. Baadaye nilimfuata nikamwambia kweli yote. Akanisikiliza, hakunisema. Nikamuuliza, ningesema mapema pale mlangoni mwa hospitali angepona? Akasema, "Sijui, mzee. Pengine kisingebadilika kitu." Hiyo "pengine" nimekaa nayo miaka minane. Bibi alifariki siku ya pili, adhuhuri.

Siku tuliyomsomea Bibi hitma nikamfuata maalim pembeni. Nikamuuliza, mwenye eda akiwa mgonjwa anaruhusiwa kwenda kupimwa damu? Akanishangaa. "Kwa maradhi? Anatoka, anatibiwa, anarudi kwake. Nani kakwambia hatoki?"

Nikamwambia hakuna aliyenambia.

Wakati huo huo chumbani wanawake walikuwa wameshaanza kusema kwamba Bi Kazija kamfuata mumewe, mapenzi yalikuwa hayo. Likapanda ghorofani, likashuka barazani, likazunguka mtaa mzima. Watu wakawa wananipa mkono na kunambia nimebahatika kuwa na wazazi waliopendana hivyo. Nikaitika. Na kweli walipendana, hilo sikunyang'anyi. Lakini Bibi yako hakutaka kumfuata mtu. Alikuwa akiniuliza eda itakwisha lini, alitaka kwenda kukaa mwezi kwa dada yake Nungwi, na alishanitaka nimshonee gauni la kuvulia eda. Kitambaa nilishakikata. Alitaka kuishi.

Miaka mitatu baadaye ukaanza kuhema ukipanda ngazi. Ukapimwa, ukafanyiwa upasuaji bara, na siku ya kuruhusiwa daktari akanikabidhi boksi la dawa. Nikalitambua kabla hajataja jina. Ulidhani nimekaa chini pale kwenye korido kwa uchovu wa safari.

Tangu siku ile nimekuwa mtu mwingine, na wewe ndiye uliyepata tabu yangu. Nikakushika kama askari. Nikavihesabu vidonge kila Ijumaa. Nikaichukua kadi yako nikaifungia kwangu. Kliniki daktari akikuuliza wewe hali yako, najibu mimi. Miaka mitano! Safari moja alinambia, "Baba, mwache aseme mwenyewe, moyo ni wake," nami nikacheka na kuendelea kusema. Nilidhani namlipa Bibi yako. Kumbe nalea mtu ambaye hajawahi kuzungumza na daktari wake. Akikuuliza kama ulikosa dawa, unanitazama mimi kwanza kabla ya kujibu. Niliona. Niliona na nikafurahi, nikadhani ni adabu.

Na sasa lile jingine. Mwaka jana, baada ya harusi ya binamu yako Nungwi, uliniletea gauni lako nililipunguze kiuno. Mfukoni nikakuta karatasi ya kufutia mikono imekunjwa, ndani yake vidonge viwili. Nilivigeuza mkononi, nikaelewa. Ulikwenda harusini siku mbili, ukasahau dawa nyumbani, na uliporudi ukavitoa viwili kwenye boksi ili hesabu yangu ya Ijumaa itimie.

Sikukwambia kitu. Nilivitupa, nikalishona gauni, nikakurudishia. Kliniki ya mwezi ule daktari akauliza kama kuna siku ulikosa, ukanitazama, ukasema hapana. Namba ilikuwa chini, akashindwa kuelewa kwa nini, akakupandishia dozi. Umesikia? Akakupandishia, kama alivyompandishia Bibi. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, najua sababu, nimefumba mdomo nisikuaibishe. Wiki mbili nilizosubiri kipimo kingine sikupata usingizi hata siku moja. Nashukuru namba ilikaa sawa na akairudisha dozi. Lakini ilikaa sawa kwa bahati tu.

Nilikaa sana na karatasi ile mbele yangu. Nilijiuliza umejifunzia wapi kuficha namna hii, mtoto mwaminifu kama wewe, usiyeweza hata kunidanganya umesali. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti changu. Ulikuwa unamwogopa mtu asikugombeze. Hofu ileile iliyonifanya niiache simu ikalia, nimekurithisha wewe, na sikukwambia ina nini ndani yake.

Kwa hiyo sikuombi usisahau dawa. Utasahau. Utakuwa na mitihani, utakuwa na marafiki, utasafiri, utalala kwa watu. Jioni moja utakumbuka kwamba jana hukumeza, au hutakumbuka kama umemeza au la, na utatamani kumeza viwili ili mambo yalingane. Usilinganishe mwenyewe. Simu unayo. Piga, sema, "Mimi Salha, nimekosa dawa jana, nifanyeje?" Watakwambia. Wakikusema, wacha wakuseme. Kugombezwa ni dakika tatu. Mimi nimezikimbia dakika tatu zile na sijapumzika mpaka leo.

Jino likikuuma, goti likikuuma, mtu akikupa kidonge chake kilichomfaa yeye, au rafiki akakuchemshia majani ya kwao, sema kwanza unatumia nini. Litaje jina la dawa yako bila haya, mbele ya foleni, mbele ya yeyote. Ukiona doa usilolijua mwilini mwako, usinipigie mimi kuniuliza, maana mimi ndiye niliyenunua mswaki laini. Nenda ukapimwe. Na siku utakapoolewa, inshallah, daktari ajue kabla mimba haijaingia, maana dawa hii na mtoto tumboni havikai pamoja bila yeye kupanga. Mama yako keshakwambia, najua, nami naona haya kuliandika, ila nimekwisha kuonyeshwa haya inavyokula watu.

Kadi yako nimeitoa kabatini. Iko kwenye mkoba wako mdogo, mfuko wa mbele, pamoja na barua hii. Sikuinakili kwangu. Nilitaka, nilishachukua kalamu, mama yako akanitazama nikaiweka chini. Huko Dodoma kliniki utaingia peke yako, utakaa kwenye kile kiti, na ukiulizwa hutakuwa na wa kumtazama.

Mama yako nilipomwambia haya asubuhi, alikuwa anakunja nguo zako. Hakusimama. Alikunja mbili tatu, kisha akasema, "Mwambie mwanao kabla hajapanda boti." Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Haya, andika, ila yote." Basi haya ndiyo yote. Sikubakisha kitu.

Sijui utanisomaje. Ulimpenda Bibi yako kuliko ulivyotupenda sisi, na nimekuchukulia habari nzuri uliyokuwa nayo juu yake nikakupa hii. Nimeogopa kwamba ukijua utaniona mtu mwingine, na kwa ajili ya hofu hiyo nimekuacha miaka mitano ukimeza dawa hii bila kujua inavyoua mtu ndani ya nyumba ya watu wanaompenda. Nisamehe kwa Bibi ukiweza. Nisamehe na kwa miaka mitano hii, ambayo ni yako mwenyewe.

Ukishindwa, sitakulaumu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, unayo sababu. Mimi unaweza kuninyamazia mwezi, miezi, hata mwaka mzima. Nitakaa na simu yangu nikingoja, na siku utakayopiga nitaipokea kabla haijalia mara ya pili. Lakini wale wa kliniki, mwanangu, hata ukiwa umekosea vipi, hata ukiwa umechelewa kiasi gani, usiwanyamazie hata wiki moja.

Baba yako